Baba mkwe alitaka C major tano kwanza, ndio tuongee mambo ya binti yake

Wakuu, niaje. Vuteni viti, kama kuna chai mimineni.

Hii story nimeisimulia kwa harusi, kwa matanga, na hata kwa foleni ya benki. Kila mara hakosi mtu wa kusema, "hapo umetia chumvi." Leo nawaandikia bila chumvi. Nikidanganya hata sentensi moja, nyuzi zote zinikatikie mbele ya kanisa, Jumapili, wageni wakiwepo.

Haya.

Miaka ya tisini mimi ni kijana, naishi Makadara kwa chumba kimoja, nafanya kazi kiwanda cha sabuni pale Industrial Area. Kazi yenyewe ni kupanga miche ya sabuni kwa katoni. Weekend napiga gita kanisani.

Sasa mnielewe vizuri. Kwa lile kanisa mimi nilikuwa mtu. Waliniita Profesa. Hakuna aliyewahi kuuliza, Profesa wa nini.

Nilijua chord tatu, zile sauti za nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja. C, F na G. Na hiyo F nilikuwa naipata nusu, nyuzi mbili zinaimba na zingine zinakohoa. Lakini pambio zetu zote zilikuwa za chord tatu, kwa hivyo mimi na waumini tulikuwa tunaelewana sana.

Kwa choir kulikuwa na dem wa soprano anaitwa Nanjala. Typist wa ofisi moja tao, katikati ya jiji. Msichana mtulivu, anacheka kwa macho kabla mdomo haujajua. Tulianza kwa kusindikizana baada ya mazoezi, nampeleka mpaka kwao Makongeni, zile nyumba za reli, halafu narudi zangu Makadara nikipiga mluzi. Tukaenda hivyo mpaka siku moja nikamwambia nataka kuja kwao, nijulikane.

Akaniambia, "Amos, baba akikuuliza unafanya nini, sema sabuni."

"Na gita?"

"Gita usitaje."

"Kwa nini?"

"We sema sabuni."

Wakuu, vijana mnaosoma hapa. Mtu akikwambia sema sabuni, usitafute maana. Sema sabuni.

Nikaenda. Nimenyoosha suruali, nimepaka viatu rangi mpaka soksi. Babake, Mzee Wekesa, alikuwa mtu wa signal kwa reli. Mrefu, mkavu, sauti kama ya mtu anayetangaza treni. Mamake Nanjala alinipokea vizuri, "mulembe, karibu mwanangu," akaniwekea chai na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili.

Na pale ukutani, kati ya kalenda na picha yao ya harusi, kulikuwa kumening'inia gita.

Gita la zamani, limepanguswa vumbi linang'aa. Baadaye ndio nilikuja kujua kwamba Mzee kabla hajaokoka alikuwa anapiga na bendi ya wikendi huko kwa social hall. Akaokoka, bendi ikavunjika, gita likabaki. Kwa nyumba ile lilikuwa linaheshimiwa kama shangazi.

Mzee akaniuliza, "Kijana, unafanya kazi gani?"

Nikamwangalia Nanjala. Nikaangalia gita. Gita likaniangalia.

Nikasema, "Mimi, Mzee, ni mpiga gita."

Nanjala alifunga macho kama mtu anayeona gari likielekea mtaroni.

Mzee akaweka kikombe chini polepole. Akainuka, akaliteremsha lile gita kwa mikono miwili, akanipa.

"Nipe C."

Rahisi! Nikaweka vidole pale kichwani mwa shingo, mahali kila mtu anaanzia, nikapiga. Ikalia safi. Mama akatabasamu.

"Nzuri," Mzee akasema. "Sasa nipe C nyingine."

Nikajiuliza, nyingine ipi? C ni C. Nikafikiri labda hakusikia vizuri, watu wa treni masikio yao si mazuri. Nikairudia ile ile, kwa nguvu zaidi.

Mzee akatikisa kichwa. "Hiyo ni ile ile. Umeikasirikia tu."

Jasho likaanza.

Akavuta kiti akakaa karibu na mimi, akagonga ile shingo na kucha. "Hapa kuna C tano. Moja iko hapo kichwani. Ingine freti ya tatu, ukihesabu hivi vyuma vya shingo. Ingine ya tano. Ingine ya nane. Ingine huku kumi. Ni C ile ile, major ile ile, lakini nyumba ni tano. Wewe umekaa kwa nyumba moja maisha yako yote, hujawahi kutembelea jirani."

"Ndio, Mzee."

"Basi enda uzitafute. Ukizipata zote tano, uje na wazee wako, tuongee mambo ya Nanjala. Kabla ya hapo, karibu chai wakati wowote. Lakini ni chai."

Mama akasema, "Baba Nanjala, jamani!"

"Mama Nanjala, mtu akisema ni dereva, si unampa gari uone?"

Nilitoka pale nikiwa nimebeba nusu ya ule mkate kwa mfuko wa koti, sikumbuki niliuweka saa ngapi.

Nikaenda kwanza kwa mwalimu wetu wa choir. Nikamwuliza, mwalimu, kuna C ngapi? Akaniangalia kwa huruma. "Profesa, C ni moja, kama vile Mungu ni mmoja. Hizo zingine ni za bar."

Basi hapo msaada hakuna.

Nikajaribu peke yangu. Nilikuwa nachukua vile vidole vyangu vya C vikiwa vimeshikana hivyo hivyo, navisukuma mbele kwa shingo, napiga. Wakuu, sauti iliyotoka hapo! Jirani yangu, mama wa kuuza mboga, alibisha mlango akauliza kama nimeangusha sufuria.

Jumamosi moja baada ya mazoezi nilikuwa nimekaa benchi la nje ya kanisa, nimelishika gita kama mgonjwa. Nanjala akaja akakaa. Akaniangalia nikihangaika, mwishowe akasema, "Lete."

Akalichukua. Akalaza kidole cha shahada freti ya tatu, vingine vitatu akavipanga freti ya tano. C. Akateleza mpaka freti ya nane, akabadilisha vidole. C. Akaenda kumi, kule freti zimekaribiana na vidole vinabanana. C tena, ndogo, tamu, kama kengele ya baiskeli.

Mimi mdomo wazi.

"Ulikuwa unajua?"

"Nimelelewa na lile gita, Amos. Watoto wengine walikuwa wanabembelezwa kwa nyimbo za kulala. Sisi tulikuwa tunapewa C ya freti ya nane."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa bize ukiwa Profesa."

Hiyo niliimeza bila maji.

Lakini hakunicheka sana. Aliniuliza, "Wewe si umeimba do-re-mi tangu Sunday school? Imba do, mi, so."

Nikaimba. Do. Mi. So.

"Hiyo ndiyo C major yote. Hakuna kitu kingine. Do ni C, mi ni E, so ni G. Popote kwa hii shingo utakapozipata hizo tatu, umepata C. Na ziko kila mahali. Ni kama sisi Waluhya hapa Nairobi, hakuna estate utakosa."

Wallahi mimi siku hiyo ndio nilianza kuelewa gita. Miaka yote nilikuwa najua tu pa kuweka vidole, kama mtu anayejua njia ya kwenda dukani lakini hajui jina la mtaa. Tulikaa kwa lile benchi tukitafuta do moja baada ya nyingine. Kila nikipata, naruka. Mlinzi wa kanisa akadhani nimebarikiwa.

Tukawa tunakutana hapo kila Jumamosi. Ya freti ya tatu ikaja. Ya nane ikaja. Ya kumi ikaja, ingawa vidole vilikuwa vinapandana kama watoto kitandani.

Shida ikawa ya freti ya tano.

Wakuu, mwenye gita karibu ajaribu. Kidole cha shahada kinalala freti ya tano. Kingine kinakaa freti ya saba. Halafu cha pete kinaenda freti ya nane kwa uzi mnene kabisa, na kidole kidogo kinaenda freti hiyo hiyo ya nane, lakini kwa uzi mwembamba kabisa, upande ule mwingine! Mkono unabaki umetanuka kama kaa aliyeshtuliwa.

Nilikuwa nafanya mazoezi kila mahali. Kazini nilikuwa nashika mpini wa ufagio natanua vidole. Supervisor akanipata hivyo, nimekodoa macho, kidole kidogo kinatetemeka. Akanipeleka mwenyewe kwa nesi wa kiwanda. Nesi akanibonyeza mkono, akaniuliza kwetu kuna mtu ana kifafa. Nikamwambia hapana, ni mambo ya ndoa. Akaandika kitu, akanipa dawa ya maumivu, na akasema pole.

Sasa ikabidi nimwambie mzee wangu. Baba yangu alikuwa ametangulia mbele za haki, kwa hivyo msemaji wangu alikuwa Ankoo Kisia. Ankoo alikuwa karani kule city council, mtu wa tai hata Jumamosi, na kwa mazungumzo ya mahari hakuna aliyekuwa anamweza. Alikuwa anaweza kuongea mpaka ng'ombe mwenyewe aombe kurudi nyumbani.

Nikamweleza: "Ankoo, Mzee Wekesa anataka chord ya C kwa nyumba tano, halafu ndio mambo mengine."

Ankoo akaweka miwani chini.

"Kodi?"

"Ndio, chord."

"Kodi ya nyumba tano?"

"Ndio, Ankoo. Nyumba nne niko nazo tayari. Imebaki moja."

Ankoo alisimama. "Amos! Umelipa kodi ya nyumba nne kabla ya kuniita? Huyo mtu anaoza binti ama anapangisha ploti?"

Ilichukua muda mrefu sana kumweleza, na ikabidi nitoe gita. Alipoelewa hatimaye, alikasirika hata zaidi. "Mimi nimejiandaa na hoja za ng'ombe," akasema. "Nyuzi mimi sijui."

Siku ikafika. Jumamosi mchana. Tulipitia Kiamaiko, kule soko la mbuzi, tukanunua mbuzi mzima, tayari amechinjwa, Ankoo akambeba kwa mguu mmoja kama briefcase. Tukafika Makongeni tukapokewa vizuri, tukaombewa, tukakalishwa. Nanjala alikuwa jikoni na wamama. Mimi niliweza kumwona kwa ule mlango, amejifunga leso, ananionyesha vidole vitano, ananikumbusha freti ya tano.

Ankoo akaanza kusafisha koo. Mzee Wekesa akainua mkono.

"Ngoja, mkwe. Kwanza kijana."

Akateremsha gita.

Hilo gita lake, wakuu, nyuzi zilikuwa zimeinuka juu ya shingo kama kamba za kuanika nguo. Ungeweza kupitisha kijiko chini yake. Nikavuta pumzi.

Ya kichwani. Safi.

Ya freti ya tatu. Safi.

Nikaruka mpaka nane. Safi! Kumi. Ikalia, ting! Watu wakapiga makofi. Nikaliweka gita chini haraka, nikasema, "Asante, Mzee."

Mzee alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Nne," akasema. "Umeruka nyumba moja. Hapo tano kuna mbwa?"

Wamama wakachungulia kutoka jikoni.

Nikalichukua tena. Nikalaza kidole cha shahada. Nikaweka cha kati. Nikatuma cha pete kwa uzi mnene. Nikatuma kidole kidogo kule kwa uzi mwembamba, nikasukuma, nikasukuma, nikasikia kitu kwa kiganja kikisema *kach*.

Mkono ukafunga.

Sio kuuma tu. Ulifunga! Misuli ilikaza ukawa kama jiwe, umeshika shingo ya gita, hauendi mbele wala nyuma. Nikajaribu kutoa kidole kimoja, kikakataa. Nikasimama, gita likasimama na mimi.

"Mzee," nikasema, "siwezi kuachilia."

Ankoo akaruka. "Wamemroga!"

Mama akaja na mafuta ya kupikia, akaanza kunimwagia kwa vidole. Mama mwingine akasema maji ya moto. Ankoo amenishika kiuno ananivuta, shemeji mtarajiwa mmoja ameshika gita upande ule anavuta kwake. Kuna mtu alianza kuomba kwa sauti.

Halafu nikasikia ile sauti ya treni.

"NGOJENI! Msimtoe!"

Watu wakatulia.

Mzee Wekesa akasogea karibu, akainama, akachungulia vidole vyangu kimoja kimoja. Akaguna.

"Vimekaa sawa," akasema. "Piga."

"Mzee, mkono…"

"Huu mwingine si uko huru? Piga!"

Basi nikiwa nimesimama hapo katikati ya sebule ya watu, machozi yanatoka, mafuta yanatiririka mpaka kwa kiwiko, nikapitisha mkono wa kulia kwa nyuzi.

Ikalia.

Wakuu, sijawahi kupiga C kama hiyo tena. Nyuzi zote sita, hakuna hata moja iliyokohoa. Ilijaa ile nyumba ikatoka nje, mpaka watoto waliokuwa wanacheza kwa corridor wakaja kuchungulia.

"Tano," Mzee akasema. "Sasa mtoeni."

Maji ya moto ndiyo yaliyonitoa. Nikakaa, mkono umefungwa kwa taulo, Mama ananikanda na kunipa pole. Nadhani ni ile hali yangu iliyomfanya akasirike, maana aligeuka ghafla.

"Baba Nanjala. Sasa na wewe tupigie."

"Nipige nini?"

"Zote tano. Mtoto wa watu amekaribia kupoteza mkono. Hebu na sisi tuone."

Mzee akacheka kicheko cha mtu asiyetaka kucheka. Akachukua gita. Kichwani, safi. Tatu, safi. Nane, na madoido. Kumi, na madoido zaidi. Halafu akaanza kulirudisha ukutani.

Ankoo Kisia akavaa miwani.

"Mkwe," akasema kwa upole sana. "Nimehesabu nne."

Mzee akakohoa. Akalirudisha gita pajani. Akajaribu ile ya freti ya tano. Kidole kidogo kikakwama njiani. Akajaribu tena. Uzi ukatoa sauti ya paka.

"Hiyo ni ya vijana," akasema. "Vidole vyangu vimezeeka."

Ankoo akarekebisha tai. Nilijua hiyo tai. Hapo tuliingia kwa uwanja wake.

"Ndugu zangu, sisi tuliitishwa tano tukaleta tano. Mwenye kuitisha ana nne. Kwa hesabu ya haki, upande wetu umezidi kwa moja. Naomba hiyo moja itolewe kwa ng'ombe."

Wakuu, sebule ilicheka mpaka kalenda ikatikisika. Hata Mzee alicheka, sasa kwa kweli. Wazee wa upande wake wakanong'onezana, wakakubali. Ng'ombe mmoja akaondolewa, hivi hivi, kwa sababu ya kidole kidogo. Nilimtazama Ankoo nikaona mtu mkubwa.

Na hapo ndipo Nanjala akatoka jikoni.

Alikuwa amebeba sinia ya ugali. Akaiweka mezani, akapangusa mikono kwa leso, akalichukua gita kwa babake bila kusema kitu. Akasimama tu hivyo, hakukaa hata. Akapiga ya kichwani, ya tatu, ya tano, ya nane, ya kumi. Ile ya tano aliipita kama mtu anayevuka mtaro mdogo. Halafu akaongeza nyingine kule freti ya kumi na mbili ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameitaja.

Akamrudishia babake gita, akarudi jikoni.

Mzee Wekesa akageuka polepole kwa Ankoo Kisia. Uso wake ulikuwa unang'aa kuliko lile gita.

"Mkwe," akasema, "umesikia mwenyewe. Huyo anajua sita."

Ng'ombe akarudi.

Ankoo alijaribu, jamani, alijaribu, aliongea mpaka ugali ukapoa, lakini hapakuwa na hoja. Njiani tukirudi alikuwa anatembea mbele peke yake, anajiongelesha, "Mazungumzo yalikuwa yameisha! Yalikuwa yameisha!"

Jumapili nilimwuliza Nanjala baada ya ibada, "Sasa wewe kwa nini? Tulikuwa tumepunguziwa!"

Akanishika ule mkono uliofungwa bandeji, akaukanda kidogo.

"Sikutaka kuolewa kwa bei ya chord nne za baba."

Tukaoana. Tuko pamoja mpaka leo, watoto ni wakubwa. Kanisani jina la Profesa lilihamia kwake bila mkutano wowote kufanywa. Yeye ndiye anapiga lead, anaongoza. Mimi niko rhythm, namfuata nyuma, na niko sawa.

Nililojifunza, wakuu: kitu ukikijua mahali pamoja tu, bado hujakijua, umekariri tu. C ni do, mi, so. Ukizielewa hizo tatu utaipata popote, hata ukiamshwa usingizini. Na la pili, kabla hujaenda kujionyesha kwa watu, muulize kwanza huyo unayempenda yeye anajua nini. Utaokoa mkono.

Sasa nyinyi semeni. Nani hapa aliwahi kupewa mtihani wa ajabu na wakwe? Na mwenye gita ajaribu hiyo ya freti ya tano halafu arudi atuambie. Chemsheni maji ya moto kwanza.